Namba ya Hapahapa

Jina la Mpole alipewa na marehemu baba yake, na alipewa kwa utani. Alizaliwa na kelele za kuezua paa, majirani wakaja mbio kuuliza kuna nini, baba akawajibu kwamba hakuna kitu, ni mpole wake amefika. Jina likamganda. Alikwenda nalo shule, akaenda nalo kazini, na kila aliyemzoea alijua maana yake: binti huyu akipandwa na hasira, sogea pembeni mpaka zishuke. Na zilikuwa zikishuka upesi, tusimsingizie. Taabu ilikuwa ni yale aliyoyafanya kabla hazijashuka.

Alikuwa mpiga pasi katika chumba cha dobi cha hoteli kubwa, chini kabisa ya jengo, jirani na matangi ya maji moto. Kutwa aliingiza mashuka kwenye rola la mvuke, yanaingia yamekunjamana, yanatoka yamenyooka. Mfukoni mwa aproni alikuwa na kitochi, simu ndogo ya batani iliyozungushiwa mpira ili betri isidondoke. Wenzake walimcheka kwamba anatembea na simu ya bibi yake. Lakini hoteli ilikataza wafanyakazi wa chini kuingia na simu zenye kamera, kwa ajili ya siri za wageni, na Mpole hakuona sababu ya kununua simu ya kulala kwa mlinzi getini. Mtu pekee aliyetaka kumsikia alikuwa akimpata humo humo kwenye kitochi.

Mtu huyo aliitwa Fundi. Walijuana kabla hawajaonana. Lifti ya mizigo ilikwama na Mpole ndani yake, yeye na toroli la taulo, akapiga kelele, akaupiga mlango mateke mpaka kiatu kikamvuka. Ndipo akasikia sauti ya mwanaume upande wa pili.

"Dada, taratibu. Ukiiumiza hiyo lifti itagoma kabisa."

"Nifungulie! Nyie ndio mliotengeneza hili jeneza?"

"Mimi ndiye ninayelifungua. Lakini nina mikono miwili tu, na mmoja nautumia kuziba sikio."

Mpole alicheka bila kutaka. Sauti ile ikaendelea kumsemesha muda wote bisibisi ikifanya kazi, ikamuuliza anapenda nini, anachukia nini, kama taulo za matajiri zinanukia kuliko za watu wengine. Mlango ulipofunguka Mpole alikuwa ameshapenda. Sura ilikuja kuongezea tu.

Fundi alipopata mkataba wa kufunga lifti nje ya nchi, mbali mno, walikwenda pamoja kwenye kibanda cha simu kumnunulia Mpole laini mpya, ya wao wawili tu. Mpole alikuwa amesahau kitambulisho nyumbani. "Si kitu," Fundi alisema, akatoa chake, laini ikaandikishwa kwa jina lake. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo tena.

Wiki ya kwanza huko aliko, alimpigia.

"Kuanzia leo usihangaike na vocha za nje," alimwambia. "Nimeiandikisha laini yako kwenye huduma moja ya kupiga simu kwa intaneti. Kuna namba nakutumia kwa meseji. Ni namba ya hapahapa nyumbani. Ukiipiga, mimi huku inaniitia."

"Intaneti kwenye kitochi? Fundi, umelewa?"

"Intaneti wanayo wao, wewe huna haja nayo. Unawapigia kama unavyompigia jirani, wao wanaipitisha kwenye mitambo yao mpaka kwangu."

"Kwa hiyo hiyo ndiyo namba yako."

"Siyo yangu hasa. Namba ile inaangalia kwanza laini inayopiga ni ya nani, halafu..."

"Baba, nimesimama kwenye mvuke tangu asubuhi. Usinifundishe nyaya. Nikiipiga, unapokea wewe?"

"Napokea mimi."

"Basi ni namba yako."

Fundi akacheka, akaliachia hapo. Kumpenda Mpole kulimfundisha kuliachia hapo. Namba ile Mpole aliihifadhi kwa jina la Roho, na baada ya mwezi hakuhitaji hata kuitafuta, kidole kilijua chenyewe. Namba halisi ya Fundi hakuwahi kuiona. Fundi akipiga, kitochi kiliandika tarakimu ngeni, leo hivi kesho vile. Mpole hakujali. Sauti ilikuwa ile ile ya nyuma ya mlango.

Ndivyo walivyoishi, na sasa ulikuwa mwaka wa pili.

*

Jumapili hiyo mchana Shangazi alikuja, akakaa kwenye kiti cha marehemu kaka yake bila kukaribishwa. Tangu kaka afariki, Shangazi ndiye aliyesema mwisho katika mambo ya familia ile, na Mama Mpole, mwanamke asiyependa ugomvi, alimwachia.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Kaa. Leo hatukimbiani." Simu yake ikalia mkobani. Akaitoa, akaisikiliza kidogo, akafoka: "Nimesema hayupo! Hapa hakuna Baba Mapacha! Nitaapa mara ngapi?" Akakata, akaitupa mapajani. "Tangu waninyang'anye mkoba nikanunua laini hii, sina raha. Kila mtu anamtaka Baba Mapacha. Sijui alimdhulumu nani huyo mwanaume."

"Waliuza namba ya mtu, wifi," Mama alisema. "Mtu akiacha laini muda mrefu wanaichukua, wanamuuzia mwingine."

"Basi na madeni yake wangeyachukua. Tuyaache hayo. Mpole, wazee wa Mfamasia wamenitafuta tena kwa ile posa."

Mpole alijua. Mfamasia alikuwa na duka la dawa karibu na kituo cha afya, kijana mtaratibu, anaongea kwa sauti ya chini kana kwamba kila mtu ni mgonjwa. Hakuwa na kosa lolote. Kosa lake lilikuwa kutokuwa Fundi.

"Nina mtu, Shangazi."

"Una sauti. Mtu yuko wapi? Nani wa kwao amekanyaga hapa?"

"Alilelewa na bibi yake, na bibi ameshazikwa. Atakuja mwenyewe mkataba ukiisha."

"Mkataba ukiisha, na ukiongezwa je? Mwanangu, mimi si adui yako. Baba yako angekuwepo ningenyamaza. Nataka nimsikie huyo mwanaume kwa masikio yangu, aniambie anakuja lini. Akinijibu kiume, Mfamasia nitamrudisha mimi mwenyewe, na sitalisema jambo hili tena. Haki si haki?"

Ilikuwa haki. Mpole hata akafurahi. Akatoa kitochi mfukoni.

"Sitaki hiyo," Shangazi alisema. "Akiona ni wewe ataanza kulainisha sauti. Nitajie namba, nipige kwa yangu. Mwanaume msikilize akiwa hajajiandaa."

Mpole akamtajia tarakimu moja moja, kwa moyo, huku akitabasamu. Shangazi akabonyeza, akaweka spika, akaiweka simu juu ya meza katikati yao. Ikaita. Mama akasogeza kiti. Mpole alisubiri kusikia ile sauti, aone uso wa Shangazi ukilainika kama wa kila mtu.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke.

Shangazi alimtazama Mpole. "Haloo. Namtaka mwenye simu."

"Mwenye simu ndiye mimi. Wewe nani?"

"Wewe ndiye nani? Mwenye namba hii ni mwanaume."

"Ni mwanaume, ndiyo, ni mume wangu! Wewe mwanamke ni nani wake?"

"Mume wako?"

"Mume wangu wa ndoa!" Sauti ilianza kutetemeka. "Kumbe ndiye wewe. Nilijua tu kuna mtu. Ndiyo maana amebadilika, ndiyo maana hana habari nasi. Mwache mume wangu! Ana watoto wawili yule, unasikia? Watoto wawili wanamlilia!"

Simu ikakatika. Mama alikuwa amejishika kifua. Shangazi, ambaye miaka yote hakuwahi kukosa neno, aliugeuza uso wa simu chini polepole, na huruma iliyokuwa machoni mwake ilimuumiza Mpole kuliko kama angemcheka.

"Mwanangu," Shangazi alisema.

Mpole alishatoka.

*

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kamba ya nguo na ndoo iliyogeuzwa. Alisimama pale, kidole kikaitafuta namba peke yake. Iliita mara moja tu.

"Mpole wangu," Fundi aliitika, na nyuma yake mwangwi, kwani alikuwa ndani ya shimo la lifti. "Umeniwahi. Nilitaka nikupigie nikitoka humu."

"Mkeo hajambo?"

"Nani?"

"Mkeo. Mama wa watoto wako wawili. Tumetoka kuongea naye."

Kukawa kimya. Kilikuwa kimya cha mtu asiyeelewa, lakini Mpole alikisikia kama kimya cha mtu aliyekamatwa.

"Huu ni utani wa aina gani?"

"Shangazi amepiga namba yako, akapokea mwanamke. Mama amesikia, mimi nimesikia. 'Mwache mume wangu.' Mimi, Fundi! Naambiwa nimeiba mume wa mtu, mbele ya mama yangu!"

"Subiri. Subiri kwanza. Shangazi alipiga kwa simu gani? Kwa hiyo yako au kwa yake?"

Swali lilikuwa hilo tu, na dawa yote ilikuwa humo. Mpole angejibu maneno mawili, mkasa huu ungeishia kwenye kicheko. Lakini nani aliye na moyo uliopasuka akakaa kuhojiwa habari za simu?

"Unauliza simu gani ili ujue uongo gani unafaa?"

"Nauliza kwa sababu ile namba..."

"Usinifundishe nyaya!"

"Mpole, nisikilize mara moja tu maishani mwako. Nakuapia kwa kaburi la bibi. Sina mke. Sina mtoto. Nina wewe. Kuna kitu kimechanganyika, nipe jioni moja nikifuatilie."

"Nimekusikiliza mwaka wa pili huu kuliko ninavyomsikiliza aliyenizaa. Nilikusikiliza nyuma ya mlango wa chuma hata sura sijaiona. Leo ndiyo najua kwa nini unapenda kuongea nyuma ya mlango."

Alimsikia akishusha pumzi, pumzi ndefu iliyozunguka kwenye lile shimo.

"Hilo usingelisema," Fundi alisema taratibu.

"Nimelisema. Usinipigie. Usinitafute. Nikikata hapa, mimi kwako nimekufa."

"Mpole, ukikata..."

Akakata. Kitochi kikaanza kulia papo hapo, tarakimu ngeni, zikakatika, zikaja nyingine. Mpole akavua mpira, akatoa betri, akachomoa laini, akaitia baina ya meno yake, akaing'ata mpaka ikakatika vipande viwili. Akavitema kwenye mtaro wa maji machafu. Halafu akakaa juu ya ndoo, akalia kwa sauti ile aliyozaliwa nayo, na safari hii majirani hawakuja.

Kesho yake alimwambia msimamizi wa dobi, mwanamama mwenye simu ya mezani ya idara: "Akipiga mwanaume yeyote kuniulizia, mwambie nimeolewa."

"Umeolewa lini wewe?"

"Mwambie tu."

Jioni Shangazi akamletea laini mpya, aliyoiandikisha kwa jina lake mwenyewe. Mpole akaitia kwenye kitochi. Hakukuwa na jina hata moja la kuhifadhi zaidi ya Mama na Shangazi. Alipoulizwa tena habari za Mfamasia hakuinua kichwa.

"Waambie waje," alijibu.

"Hujalazimishwa, mwanangu."

"Najua. Waambie waje."

*

Wazee wa Mfamasia walipangiwa kuja alasiri ya Jumamosi. Siku moja kabla, nyumba ilikuwa juu chini. Mama alikuwa akifua mapazia, Shangazi amejitia unga mpaka viwikoni akikanda maandazi ya wageni. Mpole alikuwa akipiga pasi kitambaa cha meza, kazi aliyoweza kuifanya amelala. Tangu siku ile alikuwa akila kwa kuambiwa kula na kuongea kwa kuulizwa.

Simu ya Shangazi ikalia dirishani.

"Ipokee hiyo, mikono yangu unga," Shangazi alisema. "Akimtaka Baba Mapacha, mwambie amehamia mwezini."

Mpole akapokea. Kwanza hakusikia kitu, halafu akasikia mtu akivuta kamasi.

"Dada, usikate," mwanamke alisema. "Tafadhali usikate. Mimi ndiye niliyekutukana siku ile. Sikupigi kwa ugomvi. Nimejikaza mpaka nimeweza. Nataka tu uniambie kama yuko hai."

Pasi ilibaki juu ya kitambaa. Mpole aliitambua sauti ile kabla ya maneno.

"Nani awe hai?"

"Mume wangu. Baba Mapacha."

Shangazi alikuwa amesimama wima, unga ukimdondoka. Mpole alisogea ukutani, akaegemea.

"Rudia," alisema. "Rudia polepole. Mumeo ni nani?"

"Baba Mapacha. Mwenye laini hii unayotumia. Mimi niko nje, nalea mzee wa watu. Mume wangu yuko huko nyumbani na watoto wetu, hana simu kubwa, ana hii ya batani. Nikamwandikishia laini yake kwenye huduma ya intaneti, awe ananipigia kwa namba ya hapohapo. Mara akanyamaza. Miezi, dada. Kila nikipiga, haipatikani, mpaka nikaacha kupiga. Siku ile ndiyo nikaona namba yake inaniita, nikasema Mungu mkubwa, napokea, nasikia sauti ya mwanamke. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

"Ngoja," Mpole alisema. "Sisi hatukumpigia mumeo. Tulipiga namba ya mtu mwingine. Namba ya mchumba wangu. Niliitaja mwenyewe." Akamtajia tarakimu zote, kwa moyo, kama siku ile.

"Ndiyo hiyo hiyo niliyompa mume wangu," mwanamke alisema. "Wanaigawa kwa watu wengi. Si namba ya mtu, dada. Inaangalia laini gani inapiga. Ikipiga laini ya mume wangu, inakuja kwangu. Ikipiga yako, inakwenda kwa mtu wako. Hawakukueleza?"

Harufu ya kitambaa kinachoungua ilijaa chumbani, na hakuna aliyeinua pasi.

Alielezwa. Mara mbili alielezwa, na mara mbili alimwambia asimfundishe nyaya.

"Dada? Mume wangu yuko wapi?"

"Sijui," Mpole alisema. "Laini hii Shangazi aliuziwa tu. Mumeo aliiacha, au ilipotea. Hatumjui. Hatujawahi kumwona."

Mwanamke akaanza kulia upya, kilio cha chini cha mtu aliye ndani ya nyumba ya watu. Shangazi alikuwa amekaa chini sakafuni, mikono ya unga imemlalia mapajani.

"Ni mimi," alikuwa akisema. "Mimi ndiye niliyekataa simu yako. Ni mimi, mwanangu."

*

Kwanza Mpole alipiga kwa kitochi, na laini mpya. Sauti ya mashine ikamjibu kwa adabu kwamba laini anayotumia haijaandikishwa kwenye huduma hii. Akapiga tena. Ilikuwa na adabu ile ile.

Akakimbia mpaka duka la kampuni ya simu, na viatu vya ndani. Kijana wa dirishani alimsikiliza vizuri.

"Laini iliyovunjika tunairudisha, dada, ni dakika chache tu. Namba yako itarudi vile vile. Naomba kitambulisho." Akaandika, akatazama kioo chake, akakunja uso. "Hili si jina lako. Ni la mwanaume."

"Ni mchumba wangu. Alinisaidia kuandikisha."

"Basi hapa siwezi kitu. Mwenye laini aje mwenyewe."

"Yuko nje ya nchi. Hiyo laini ndiyo ninayompatia. Sina namba yake nyingine."

"Pole sana, dada. Akirudi aje na barua ya..."

"Kaka, nisaidie," Mpole alisema, naye hakuwa mtu wa kuomba. "Mimi ndiye niliyeitumia muda wote. Niulize chochote. Niulize nilimpigia nani mara ya mwisho."

Kijana aliinamisha macho. Nyuma ya Mpole watu walikuwa wameanza kuguna kwenye foleni.

Akaenda hotelini. Alishuka ngazi, lifti hakuitazama, akamkuta msimamizi akihesabu foronya.

"Mama, Fundi amewahi kupiga hapa?"

"Amepiga." Msimamizi aliweka foronya chini. "Juzi, na mara nyingine kabla. Ile ya kwanza nilimwambia hupo, maana niliona vibaya kumwambia mtu mzima uongo wa ndoa. Juzi akasisitiza, akasema ana jambo la kukueleza, ni fupi, kuhusu simu. Nikamwambia ulivyoniagiza."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba umeolewa."

"Akasema nini?"

Msimamizi alikuwa mama wa watu, na alishaona uso wa binti yule.

"Alikaa kimya mpaka nikadhani imekatika. Halafu akasema, 'Haya. Mwambieni hongera. Mimi sitamsumbua tena.' Nikamuuliza kama ana namba ya kuacha. Akasema haina haja."

Mpole alikaa juu ya lundo la mashuka machafu. Alitaka hasira zije, zimbebe, zimpe la kufanya. Zilikataa kuja. Siku zote zilikuwa zikija zenyewe, na siku aliyozihitaji hakupata hata chembe.

*

Jumamosi alasiri sebule ilijaa. Mlango wa chumba cha Mama ulikuwa umerudishwa, na sauti za wazee zilisikika, za kicheko cha heshima, za vikombe.

Mama aliingia akakaa kitandani karibu na mwanawe. Tangu jana alikuwa mtu mwingine, au pengine alikuwa yule wa siku zote na hakuna aliyemsikiliza.

"Bado tunaweza kuwaambia," alisema. "Nitawaambia mimi. Aibu nitaibeba."

"Uwaambie ili iweje, Mama? Nimngoje nani? Yeye anajua nimeolewa."

"Dunia hii watu hupatana."

"Kwa namba gani?"

Mama alimfunga mwanawe kilemba, akakilegeza, akakifunga upya, kisha akatoka kuwakaribisha wageni.

Simu ya Shangazi ilikuwa juu ya kabati, imeachwa pale kwa makusudi, maana tangu jana Shangazi hakutaka kuishika. Mpole aliitazama. Alijua nani atapokea. Hata hivyo aliichukua, na kidole kikaanza chenyewe, tarakimu ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho, namba ile ile aliyokuwa akiipiga kila jioni akitoka kwenye mvuke, namba aliyoiita Roho.

Iliita mara moja tu, kama ilivyokuwa ikiita zamani.

"Baba Mapacha?" sauti ilisema kwa haraka, kwa furaha.

"Ni mimi, dada. Si yeye."

"Ah." Furaha ikashuka. "Ni wewe. Umempata wako?"

"Sijampata. Na wewe?"

"Bado. Mama mkwe nimemtumia watu, wamekuta nyumba imefungwa. Wanauliza majirani. Nilijaribu na la kwako. Niliwaandikia wenye huduma, nikawaeleza kisa chote. Wamejibu hawatoi namba za wateja."

"Asante kwa kujaribu."

"Mbona kuna kelele za watu huko?"

"Wamekuja kunichumbia."

Mwanamke yule hakusema hongera. Walikaa hivyo wote wawili, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake kupitia mitambo ambayo hawakuijua iko wapi.

"Naomba kitu," mwanamke alisema mwishowe. "Uwe unanipigia kwa laini hii. Hata mara moja moja."

"Utapata nini? Kila nikipiga unadhani ni yeye, halafu unaumia."

"Ndiyo. Lakini pale inapoita, kabla sijapokea, naiona namba yake. Pale nafurahi, dada. Ni kidogo, lakini nafurahi. Usininyime."

Mpole hata hicho hakuwa nacho. Mlango ulisukumwa, Shangazi akachungulia, macho mekundu, sauti imeshuka kabisa.

"Mwanangu, wanakuulizia. Wanataka wakusikie mwenyewe."

"Nakuja, Shangazi." Akairudisha simu sikioni. "Nitakupigia," alisema.

"Kesho?"

"Kesho."

Akakata, akaifuta simu kwa upindo wa gauni, akaiweka juu ya kabati mahali pake. Halafu akatoka sebuleni, akawaamkia wazee kwa sauti ya chini sana, na baba mtu mzima aliyekaa karibu na dirisha akamwegemea mwenzake akamnong'oneza kwamba binti kweli ni mpole, jina halikukosea.